Sindano isiyo na dawa: akyupancha inafanya nini kwenye maumivu?

"Sasa hiyo dawa inapitia wapi, na sindano yenyewe haina tundu?"

Mama mkubwa aliuliza hivyo akiwa amelala chali kwenye kitanda cha kliniki moja hapa Dar es Salaam, dera limekunjwa juu ya magoti, macho hayabanduki kwenye sindano nne zilizosimama kuzunguka goti lake la kulia kama njiti za kiberiti. Nilikuwa nimemsindikiza kutoka Tandika. Kwa zaidi ya miaka 20 amekaa kwenye kigoda kila alfajiri akigeuza vitumbua, na magoti yamesagika. Daktari akamjibu kwa upole: "Mama, hamna dawa. Sindano yenyewe ndiyo tiba." Mama mkubwa akanigeukia. "Mwanangu, tumelipa hela nichomwe sindano tupu?"

Tangu siku ile nimelisikia swali lake kwa sura nyingi. Msibani, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp ambako kuna ujumbe wa sauti unaodai kwamba sindano za Kichina zinaondoa kiharusi, kisukari, presha na mgongo kwa siku chache. Na kila ujumbe huo unapopita, hakosi mtu wa kujibu kwamba huo ni utapeli mtupu, au ushirikina uliovaa koti jeupe. Kati ya pande hizo mbili amekaa mtu anayeumwa, hajui aende wapi na nauli yake. Kwa ajili yake nimeona niandike, nikianzia pale alipoanzia mama mkubwa, yaani kwenye neno sindano.

Sindano ipi hii?

Kwetu, kuchomwa sindano ni kutiwa dawa. Mtoto akipelekwa chanjo kachomwa sindano, mgonjwa wa malaria kali kachomwa sindano, na mtu akikosa usingizi kwa jino utasikia "mchomeni sindano apumzike". Neno moja limebeba chuma na dawa iliyomo ndani yake, mpaka tumesahau kuwa ni vitu viwili.

Akyupancha inatumia chuma peke yake. Mtoa tiba huingiza sindano nyembamba, zisizo na tundu wala dawa, kwenye sehemu alizozichagua mwilini, huziacha humo dakika 15 hadi 30, kisha huzichomoa. Sindano ya hospitali ya kuchomwa kwenye msuli huwa na unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, kwa sababu lazima iwe na njia ya kupitisha dawa. Ya akyupancha mara nyingi ni kama robo milimita. Ukiishika kwa vidole viwili na kuibonyeza, inapinda. Ndiyo maana wengi husema walitarajia kuumia wakakuta kama mbu kagusa, halafu baadaye kidogo ndipo inakuja hisia nyingine: uzito, ganzi, kitu kama kuvutwa kwa ndani. Wachina wanaiita de qi, na watoa tiba wengi wanaitafuta hiyo hisia kwa makusudi.

Kwa Kichina tiba yote inaitwa zhenjiu. Zhen ni sindano. Jiu ni kuchoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi ili joto lake liingie. Maandishi ya Kichina yanayoieleza yana umri wa takribani miaka 2,000, na mwaka 2010 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hapa kwetu haikuja jana. Timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na ya Tanzania Bara ilifuata mwaka 1968. Wazee wengi wa mjini wanazijua hizi sindano kuliko wajukuu wao wanavyodhani.

Isichanganywe na vitu vyetu vya Pwani. Kuumika ni kunyonya ngozi kwa pembe au kikombe, na hijama inaongeza mikato midogo ili damu itoke. Chale ni wembe na dawa ya kupaka kwenye jeraha. Akyupancha haikusudii kutoa damu, na haiachi kitu chochote ndani ya mwili.

Mbwa anayebweka na mwizi hayupo

Huwezi kujua kama sindano inasaidia maumivu kabla hujajua ni maumivu gani. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanapotea, na wanaopotea si wagonjwa peke yao.

Yapo maumivu ya ghafla. Umekanyaga msumari, umeteguka kifundo ukishuka kwenye gari, kidole tumbo kimevimba. Maumivu haya ni kama mbwa anayebweka usiku kwa sababu kuna mtu juu ya ukuta. Anakukera, lakini anafanya kazi uliyomwekea. Dawa yake ya kweli ni kutoka na tochi ukamtafute mwizi.

Yapo pia maumivu sugu, ambayo kitabibu ni yale yanayodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Wakati mwingine mwizi bado yupo, kama kwenye goti lililosagika. Lakini mara nyingi mwizi alishaondoka, kidonda kilishafunga, na mbwa hajanyamaza. Sasa anabwekea paka, anabwekea upepo, anabwekea hata wenye nyumba. Mfumo wa fahamu unapobeba maumivu kwa muda mrefu hujizoesha. Mguso mdogo ambao zamani usingeuhisi unapokelewa kama kichapo. Vipimo vinaweza kurudi safi kabisa na mtu bado anaumwa. Naomba hili lieleweke vizuri nyumbani na kazini, kwa sababu nimeona wanawake wakiambiwa wanajidekeza na vijana wakiitwa wavivu: kubweka kule ni kwa kweli, na usiku hawalali.

Sindano kazi yake kubwa ni kumtuliza mbwa. Mwizi haimkamati. Goti lililosagika halioti upya kwa akyupancha, disiki iliyotoka hairudi mahali pake kwa akyupancha, na usaha hautoki. Ukishaelewa hapo, nusu ya ahadi za kwenye WhatsApp zinaanguka zenyewe.

Inatulizaje?

Maelezo ya kale yanasema kuna nguvu inayoitwa qi, inayozunguka mwilini kwa njia maalumu. Ikiziba, mtu anaumwa, na sindano inaizibua. Katika njia hizo vimehesabiwa vituo 361, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviwekea ramani ya pamoja. Wapasuaji wa mwili hawajaziona njia hizo kama mirija inayoweza kushikwa kwa mkono. Mimi naiheshimu ramani ile kama ninavyoheshimu mabaharia waliofika Kilwa kwa nyota. Walifika, na bado maelezo yao kuhusu nyota zenyewe yalikuwa na makosa.

Wanasayansi wanatazama mishipa. Na hapa tena Kiswahili kinatutegea, maana mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, na hata kano tunaiita mshipa. Unaposikia "sindano inafungua mishipa" watu wengi wanawaza bomba la damu lililoziba. Inayohusika zaidi ni mishipa ya fahamu, zile nyaya zinazopeleka habari kwenye ubongo.

Nyaya hizo hazina mwendo mmoja. Zinazobeba mguso hukimbia, makumi ya mita kwa sekunde. Zile za maumivu ya kuuma polepole na kuchoma hujikokota kwa kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na habari za mguso zikifika kwa wingi lango linazibania zile za maumivu. Fikiria mlango wa daladala pale Kariakoo saa 12 jioni. Mlango ni mmoja. Vijana wepesi wakishajaa mlangoni, mwenye mzigo mkubwa anabaki chini. Mtoto akijigonga kwenye kona ya meza, unafanya nini bila kufundishwa? Unamsugua, unamwambia pole, na kilio kinapungua. Umelibana lango kwa kiganja chako.

Sehemu ya pili ni duka la dawa tulilozaliwa nalo. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti waligundua kwamba ubongo hutengeneza kemikali zake zenye kazi kama ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Mara wakajiuliza kama sindano inazifungulia. Wakachukua naloksoni, dawa inayozuia mofini isifanye kazi, wakawapa watu waliokwisha pata nafuu kwa akyupancha. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1977, nafuu ile ilipungua. Hiyo ikawa dalili kwamba kemikali hizo zinahusika. Baadaye Ji-Sheng Han kule Beijing alionyesha kwamba sindano zikiunganishwa na umeme mdogo, mapigo ya taratibu yanaamsha kemikali za aina moja na mapigo ya haraka aina nyingine. Mwaka 2010 uchunguzi kwa panya ukaonyesha kwamba pale sindano inapozungushwa, seli za jirani hutoa adenosini, ambayo nayo hutuliza.

Ndiyo maana jibu la daktari kwa mama mkubwa lilikuwa kweli, ila lilikuwa fupi. Dawa ipo, lakini inatoka ndani yake mwenyewe.

Je, inasaidia kiasi gani?

Hapa inabidi twende polepole, kwa sababu ukweli wake hauwafurahishi wanaoisifia wala wanaoidharau.

Kupima dawa ya kidonge ni rahisi: wengine unawapa dawa, wengine kidonge cha unga kinachofanana nacho, halafu unalinganisha. Sindano utaighushi vipi? Watafiti walibuni njia mbili. Ya kwanza ni kuchoma juujuu, mahali ambapo si vituo vya Wachina. Ya pili ni sindano ya maigizo, ambayo ncha yake butu inagusa ngozi na kuingia ndani ya mpini wake, kama kisu cha mchezo wa kuigiza. Mgonjwa anaona imezama, na haikuzama.

Ujerumani walifanya utafiti mkubwa wa wagonjwa 1,162 wenye mgongo sugu, matokeo yakatoka mwaka 2007. Wakagawanywa makundi matatu. Baada ya miezi 6, kati ya kila wagonjwa 100 waliochomwa kwa kufuata vituo vya Kichina, karibu 48 walikuwa wamepata nafuu ya maana. Waliochomwa kwa kughushi, 44. Waliopewa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi ya viungo, 27.

Soma tena tarakimu hizo, maana zimezua ubishi wa miaka. Anayeisifia anaonyesha 48 dhidi ya 27 na kusema sindano imeshinda hospitali. Anayeidharau anaonyesha 48 dhidi ya 44 na kusema kumbe ukichoma popote ni sawa. Wote wameisoma karatasi moja. Kwa maoni yangu kuna mambo mawili hapo. La kwanza, mahali hasa pa kuchoma hapana uzito mkubwa kama tulivyoaminishwa. La pili, ile inayoitwa ya kughushi si kitu tupu: ngozi imeguswa, mtu amelala kimya nusu saa, kuna mtu amemsikiliza, na mwenyewe ametarajia kupona. Matarajio nayo hufungulia lile duka la ndani. Mgonjwa aliyepata usingizi hajadanganywa.

Je, sindano halisi inazidi ile ya kughushi japo kidogo? Watafiti walikusanya takwimu za mtu mmoja mmoja kutoka kwenye tafiti 39 zenye wagonjwa 20,827 wa mgongo, shingo, bega, goti na kichwa, wakatoa matokeo mwaka 2018. Jibu ni ndiyo, inazidi, kwa tofauti ndogo isiyoelezeka kwa bahati. Na ikilinganishwa na kutochomwa kabisa tofauti ni kubwa zaidi. Baada ya mwaka, nafuu ilikuwa imepungua kwa takribani asilimia 15 tu. Kwa kipandauso, mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti za tiba, mwaka 2016 uliangalia tafiti 22: kati ya watu 100 waliochomwa, kwa 41 siku za kuumwa kichwa zilipungua kwa nusu au zaidi, huku kwa wasiochomwa wakiwa 17.

Goti la mama mkubwa sasa. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilisema akyupancha inaweza kutumika kwa magoti yaliyosagika, kwa tahadhari kwamba ushahidi wake si mzito. Mwaka 2022 taasisi ya NICE, inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, ikasema isitolewe kwa kusagika kwa viungo. Taasisi hiyo hiyo, mwaka 2021, ilikubali ifikiriwe kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana. Mwisho wa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo likaiweka kati ya tiba zinazoweza kutolewa kwa mgongo sugu wa chini. Kwa ninavyoona, wataalamu hawa hawagombani sana kuhusu tarakimu. Wanatofautiana zaidi kuhusu swali: nafuu ikiwa ndogo, je, inastahili kugharamiwa? Mgonjwa wa Tandika anajilipia mwenyewe, kwa hiyo swali lake ni hilo hilo, ila bajeti ni ya vitumbua.

Kuna jambo moja linalonifanya niegemee upande wa kujaribu, angalau kwa wazee wetu. Tazama anachotumia mtu kama mama mkubwa bila akyupancha: diklofenaki, ananunua duka la dawa la mtaani, karatasi baada ya karatasi, mwaka baada ya mwaka, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Dawa hiyo ikitumika hovyo inachimba vidonda vya tumbo, inachosha figo na inapandisha presha. Ukiweka mizani, sindano isiyoingiza kemikali inaonekana tofauti.

Maumivu ya ghafla: kwanza mwizi

Kuna kisa ambacho kimezunguka dunia kikiwa kimepinda. Julai 1971 mwandishi wa Marekani James Reston alikuwa Beijing, akaugua kidole tumbo, akapasuliwa huko. Habari zilizoenea mitaani zikasema alipasuliwa bila ganzi, kwa sindano tu. Huko ndiko kupiga chuku. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipasuliwa kwa dawa za ganzi za kawaida. Usiku wa pili baada ya upasuaji tumbo lilimjaa gesi likamsumbua, ndipo akachomwa sindano tatu, kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, na majani yakachomwa karibu na tumbo lake. Akapata nafuu.

Mimi nakipenda kisa hiki kikiwa kimenyooka, kwa sababu kinaonyesha mpangilio. Kidole tumbo kilikatwa kwanza. Sindano ikaja baadaye, kupunguza adha. Fikiria kama wangeanza na sindano, maumivu yakatulia kidogo, na kidole kikapasuka ndani.

Katika maumivu ya ghafla yasiyo ya hatari, sindano inaweza kusaidia. Mwongozo wa chama cha madaktari bingwa wa tiba ya ndani cha Marekani wa mwaka 2017 unaitaja, pamoja na joto na kukandwa, kati ya mambo ya kuanza nayo kwa mgongo uliokaza ghafla. Lakini si ya haraka. Katika hospitali nne za Melbourne, wagonjwa 528 wa dharura wenye mgongo, kipandauso au kifundo kilichoteguka walilinganishwa. Kwa mgongo na kifundo, sindano na dawa zilikaribiana. Ila baada ya saa moja wengi katika makundi yote walikuwa bado wanaumwa.

Kwa hiyo kifua kinachobana na kusambaa mkononi, kichwa kilichouma ghafla kama kimepigwa nyundo, tumbo lililoanzia kitovuni likahamia chini kulia, mgongo unaoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au ganzi katikati ya mapaja, hayo yanakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Mgongo wenye homa, jasho la usiku na kukonda nao unahitaji kupimwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hapa kwetu kipo. Na mtoto mwenye selimundu akishikwa na maumivu makali anahitaji maji, dawa za kutosha za maumivu na daktari anayemwangalia. Asicheleweshwe na mtu yeyote mwenye sindano.

Saratani nayo ina nafasi yake. Wanawake wanaotumia dawa za homoni baada ya saratani ya matiti hupata maumivu ya viungo, na miongozo ya wataalamu wa saratani inakubali akyupancha kwa hilo. Lakini maumivu makali ya saratani yana mofini ya maji, ile inayotolewa hata pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Usikubali kubadilishiwa.

Usalama, na maswali ya kuuliza kabla hujavua kiatu

Tiba hii ni salama ikifanywa na aliyefunzwa. Ujerumani walifuatilia wagonjwa 229,230, asilimia 8.6 walipata angalau tatizo moja, mengi yakiwa madogo kama damu kidogo na alama ya bluu kwenye ngozi. Wawili walitobolewa hadi hewa ikaingia kati ya pafu na kifua. Wawili katika zaidi ya laki mbili ni wachache, lakini ndiyo sababu sindano ya kifuani na mabegani isichezewe na mtu aliyejifunza kwenye video.

Sindano iwe mpya, itolewe kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako, na ikitoka iende kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali. Kama yeye hakuonyeshi, mwombe. Virusi vya homa ya ini aina ya B na vya UKIMWI havijali kwamba sindano haina tundu. Mweleze kama una mimba, kama unatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama una kifaa cha kusaidia moyo kudunda (hasa sindano zikitaka kuunganishwa umeme), na kama una kisukari ambacho kimekutia ganzi miguuni. Usiende na njaa, watu huzimia. Wakati wa Ramadhani ni bora kupanga baada ya futari, au kusubiri.

Nchini kwetu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka watoa tiba na vituo vyao visajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Cheti kinatakiwa kiwepo. Kuuliza si ufidhuli.

Na akikwambia uache dawa zako za presha au za sukari kwa sababu sindano zitamaliza yote, nyanyuka. Jirani yetu mmoja aliambiwa hivyo na mtu wa sindano, akaacha vidonge vya presha, na baada ya wiki chache tulimkimbiza usiku, mdomo umepinda. Yuko hai, mkono wa kushoto haujarudi.

Mama mkubwa yeye alipewa mazoezi ya kukaza misuli ya paja, akaambiwa arudi mara sita kisha tuangalie. Nilimnunulia daftari la kurasa 40. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko anaandika namba kuanzia 0 hadi 10, namna goti linavyouma, na pembeni anachora kamstari kwa kila kidonge cha diklofenaki. Ukurasa wa kwanza umejaa nane na saba, na vimstari kila siku. Kufikia mara ya sita namba zilikuwa tano, siku mbili ziliingia nne, na vimstari viwili tu kwa wiki nzima. Katikati hapo mwanawe alimjengea meza ya jiko ili akaange akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, kwa hiyo sifa wagawane sindano, mazoezi na fundi seremala.

Bado hawezi kuchuchumaa. Daktari aliangalia daftari, akamwambia namba zisiposhuka tena katika mara mbili zijazo waache, aendelee na mazoezi. Mama mkubwa akalifunga, akalitia kwenye pochi pamoja na hela ya unga wa kesho.